Tasnifu Imekataa Kufunguka: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Waraka Mrefu Ulioharibika

Saiba yetu iko Maseno, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Siku nyingi tunajaza fomu za kodi za KRA, tunachapa barua za kuomba kazi na kulamineti vyeti. Ila msimu wa kukabidhi tasnifu ukikaribia, wateja hubadilika. Mtu anaingia ameishika flashi kwa vidole viwili kama yai lililopata ufa, anasema, "Omera, hii kitu ilifunguka vizuri jana usiku." Maswali yanayofuata ni yale yale kila mwaka, basi tumeyaandika, ili aliye Bondo au Kakamega au Njoro asipande matatu kabla hajajaribu mwenyewe. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa Word za watu wengi hapa ni za Kiingereza.

Faili yangu imekataa kufunguka. Nianzie wapi?

Anza kwa kutoigusa. Inakili kutoka kwenye flashi uiweke kwenye kompyuta, kisha nakala hiyo uinakili tena, uite "jaribio1". Majaribio yote yafanyike kwenye jaribio1. Ukiiharibu zaidi, unaifuta na kutoa nyingine. Ile ya asili ikae pale pale ilipo hadi siku utakapokuwa na waraka mzima mkononi.

Na kama inafunguka lakini inaonekana vibaya, ifunge. Word ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu ni hapana.

Hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii, mama mmoja mwalimu aliniletea tasnifu ya kurasa 140 kwenye flashi, nakala pekee. Niliifungua palepale kwenye flashi. Word ikauliza kama itengeneze, nikakubali. Ikafunguka na kurasa 61. Nami, kwa mazoea tu ya vidole, nikabonyeza Ctrl+S. Kurasa 79 zilizokuwa bado zimejificha ndani ya faili ile zikapotea kabisa, na nilizipoteza mimi, si virusi wala stima. Mwalimu alikaa kimya, kisha akaomba maji. Tulichapa upya usiku tatu kutoka kwenye rasimu ya karatasi iliyojaa wino mwekundu wa msimamizi wake. Tangu siku hiyo hakuna faili ya mteja inayofunguliwa kutoka kwenye flashi kwenye meza yangu.

Nitajuaje kama imeharibika kweli?

Nyingi kati ya zile tunazoletewa hazijaharibika. Kabla hujalia, angalia mambo haya.

Angalia ukubwa wake. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties". Ikiwa inasoma baiti 0, ndani hamna kitu. Hakuna dawa ya kutengeneza utupu, na unachotafuta sasa ni nakala nyingine. Ikiwa aliyekutumia anasema yake ni MB 6 na yako ni MB 2, basi bando liliisha katikati ya kupakua. Pakua tena.

Ukiwa hapo hapo kwenye "Properties", tazama chini. Faili iliyotoka kwenye barua pepe au WhatsApp ya kompyuta mara nyingine huwekewa kizuizi na Windows, na pana kisanduku kimeandikwa "Unblock". Kiwekee alama, bonyeza OK, fungua tena. Word ikigongana na kizuizi hiki huweza kusema tu kwamba imepata hitilafu wakati wa kufungua faili, na mtu anadhani kazi ya miaka miwili imekwenda. Tumeshawahi kumaliza tatizo la namna hii kabla mteja hajavuta kiti.

Kisha jaribu kufungua waraka mwingine wowote. Ukikataa nao, mgonjwa ni Word yenyewe. Ruka hadi swali la "Kila waraka, hata mpya, unaonyesha vituko" hapo chini. Na ujaribu faili yako kwenye kompyuta nyingine.

Flashi inaonyesha vijia vya mkato (shortcuts) tu, faili zangu hazionekani.

Hiyo ni virusi, ya aina inayoficha folda na kuacha vijia vya mkato mahali pake. Usibofye hata kimoja. Pitisha kinga-virusi kwanza, halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako. Faili hurudi kuonekana, na mara nyingi ziko salama.

Inafunguka, ila inafanya vituko. Huko nako ni kuharibika?

Inategemea kituko. Idadi ya kurasa kwenye kona ya chini ikiendelea kuhesabu bila kutulia, Word ikiganda kila unapofika ukurasa ule ule, jedwali likijivuta nje ya karatasi, au nambari za sura zikirudi moja kila ukihifadhi, hizo ni dalili za kweli. Waraka wa namna hiyo unafunguka leo, kesho hautafunguka. Ushughulikie ungali unapumua.

Lakini yale maneno "Error! Bookmark not defined" kwenye orodha ya yaliyomo si ugonjwa. Ni kwamba kichwa kilichokuwa kikielekezwa kimefutwa au kimebadilishwa. Bofya orodha, bonyeza F9, chagua kusasisha orodha nzima. Basi.

Kwani waraka huharibikaje? Sijafanya chochote.

Karibu kila mtu husema hivyo, na wengi wanasema kweli.

Tangu Word 2007, faili yenye herufi docx mwisho wa jina lake si kitu kimoja. Ni furushi la zipu. Ndani yake mna faili ndogo kadhaa: moja imebeba maneno yako, inaitwa document.xml, nyingine imebeba mitindo ya maandishi, nyingine tanbihi, na folda yake peke yake ya picha. Ndani ya document.xml kila aya, kila jedwali, kila neno la wino mzito limefungwa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Lebo moja ikikosa mwenzake, Word husimama hapo na kukataa kuendelea.

Ukitaka kuelewa vizuri, kumbuka mtungo wa samaki unaouzwa ufukweni Dunga. Uzi ukikatika, samaki wote wako chini. Lakini samaki mwenyewe hajaoza, kilichokatika ni uzi. Ndivyo ilivyo kwa tasnifu yako. Maneno ni magumu kufa. Kinachokufa ni mpangilio unaoyashika pamoja, na karibu kila njia tunayoeleza hapa ni ya kuwatoa samaki kwenye uzi mbovu na kuwatunga upya.

Uzi hukatwa na mambo ya kawaida. Stima kupotea katikati ya kuhifadhi, na sisi wa ukanda wa ziwa tunazijua mvua za alasiri zinavyokuja na radi. Flashi kuchomolewa taa yake bado inawaka. Waraka kuhaririwa asubuhi kwenye WPS ya simu, mchana kwenye Word ya saiba, jioni kwenye Google Docs, kila programu ikiacha alama zake. Majedwali ndani ya majedwali. Maandishi yaliyobandikwa moja kwa moja kutoka kwenye tovuti. Mabadiliko ya msimamizi yaliyofuatiliwa kwa "Track Changes" miezi mitano bila kukubaliwa wala kukataliwa, hata aya moja ina tabaka tisa za kufuta na kuongeza.

Urefu wenyewe si kosa. Word inaruhusu faili nzima kufika MB 512, na maandishi peke yake bila picha hadi MB 32. Tasnifu ya kurasa 300 haikaribii hata robo ya maandishi hayo. Urefu una ubaya mmoja tu: unatoa nafasi nyingi za kukatika, na unafanya iwe kazi kuitafuta sehemu iliyokatika.

Word yenyewe haina namna ya kutengeneza?

Inayo, na watu wengi hawaioni kwa kuwa imefichwa kwenye mshale mdogo. Fungua Word tupu. Nenda "File", "Open", kisha "Browse". Ichague faili yako kwa kubofya mara moja, usiifungue. Kando ya kitufe cha "Open" kuna mshale unaoelekea chini. Ubofye, chagua "Open and Repair".

Ikifaulu, hifadhi kwa jina jipya, halafu usiiamini mara moja. Pitia kurasa zote, hesabu majedwali, tazama tanbihi, linganisha na nakala ya karatasi kama unayo. Word hutengeneza kwa kutupa asichoelewa, na hakuambii kila alichotupa.

Nimesikia kuna ujanja wa alama ya mwisho ya aya. Ni uganga?

Si uganga, na kama ungetaka kubaki na njia moja tu kutoka ukurasa huu, ningekupa hii. Inahitaji waraka ambao bado unafunguka.

Bonyeza Ctrl+Shift+8. Utaona alama zilizokuwa zimefichwa, na mwisho wa kila aya pana alama inayofanana na herufi P iliyogeuzwa. Ile ya mwisho kabisa ya waraka si ya aya tu. Hapo ndipo Word hutunza mipangilio ya sehemu ya mwisho ya waraka: ukubwa wa karatasi, pambizo, vichwa vya kurasa, safu. Ukiwa na waraka wa sehemu moja, maana yake ni mipangilio ya waraka wote. Uchafu mwingi hujikusanya hapo. Ukinakili kila kitu *isipokuwa* alama hiyo ukapeleka kwenye waraka mpya, mara nyingi uchafu unabaki nyuma.

Fanya hivi. Nenda mwanzo kwa Ctrl+Home. Bonyeza Ctrl+Shift+End ili uchague kila kitu. Sasa shikilia Shift na ubonyeze mshale wa kushoto mara moja, ili alama ya mwisho itoke kwenye uteuzi. Hakikisha kwa macho kwamba imetoka. Nakili, fungua waraka mpya mtupu, bandika, uhifadhi kwa jina jipya.

Watu hukwama kwenye jambo moja. Tasnifu karibu zote zina mikato ya sehemu ("Section Break"), kwa sababu vyuo vinataka kurasa za mwanzo zihesabiwe kwa nambari za Kirumi na sura zianze na 1. Kila mkato wa sehemu nao umebeba mipangilio kama ile ile. Ukinakili waraka wote pamoja na mikato yake, umehama nyumba ukabeba na kunguni. Kwa hiyo nakili sehemu moja moja, ukiishia kabla ya kila mkato, halafu uweke mikato mipya mwenyewe kwenye waraka mpya.

Gharama yake ni hii: pambizo, nambari za kurasa na vichwa vya kurasa utavipanga upya. Ni kazi ya saa moja kwa mtu asiyezoea. Mteja mmoja aliona saa hiyo ni nyingi, akaamua kunakili na mikato yake yote. Alirudi Alhamisi.

Nimefanya hivyo, bado inaganda.

Basi ugonjwa uko ndani ya mwili, na utautafuta kwa kugawa nusu. Chukua jaribio jipya, futa nusu ya pili, uhifadhi, funga, fungua. Ikitulia, ubaya ulikuwa kwenye nusu uliyofuta. Isipotulia, uko kwenye hii iliyobaki. Igawe tena. Waraka wa kurasa 200 unafikia ukurasa wenye kosa kwa kugawa mara nane hivi, muda wa kunywa chai na mandazi mawili.

Mara nyingi utakachokuta ni jedwali. Mwanafunzi mmoja wa kilimo alikuja na waraka uliokuwa ukiganda ukurasa wa 87 kila mara. Ukurasa wa 87 wenyewe ulikuwa safi. Jedwali lililoanza ukurasa wa 88, alilolibandika kutoka kwenye programu ya takwimu, lilikuwa na safu moja isiyolingana na nyingine, na Word ilikuwa inajaribu kulipanga, inashindwa, inaanza upya bila kuchoka. Tulilibadilisha liwe maandishi ya kawaida, kwenye kichupo cha "Layout" kuna "Convert to Text", kisha tukalirudisha kuwa jedwali jipya. Waraka ukatulia. Yeye hakutulia hadi tulipomtolea nakala ya karatasi.

Ukilipata lililo bovu na halitengenezeki, lifute na ulichape upya. Jedwali la mistari kumi halifai kukulaza saiba.

Yangu haifunguki kabisa, hata kwa "Open and Repair".

Jaribu programu ambayo si kali kama Word. LibreOffice ni ya bure, na ina uvumilivu wa ajabu kwa faili mbovu. Tunaiweka kwenye kila kompyuta yetu kwa ajili hiyo tu. Ikifungua, usiirudishe moja kwa moja kuwa docx. Ihifadhi kwanza kama RTF, muundo wa zamani unaoandika kila kitu upya kwa lugha yake, halafu fungua RTF hiyo kwa Word ndipo uhifadhi kama docx. Safari hiyo ya kwenda na kurudi huacha takataka nyingi njiani.

Kama huna LibreOffice, ipakie faili kwenye Google Drive na uifungue kwa Google Docs. Haikubali kubadilisha waraka uliozidi MB 50, kwa hiyo tasnifu iliyojaa picha za simu zisizopunguzwa itakataliwa.

Onyo kwa wanaotumia Zotero au Mendeley, programu za kupanga marejeleo: marejeleo yako ndani ya matini yanaweza kugeuka maandishi makavu baada ya safari hii. Yataonekana sawa kwa macho, ila programu haitayatambua tena, na orodha ya marejeleo haitajisasisha. Ndiyo maana tunajaribu ujanja wa alama ya mwisho kwanza, LibreOffice baadaye.

Kwa faili za zamani zenye herufi doc, kabla ya 2007, Word nyingi zina chaguo jingine kwenye orodha ya aina za faili unapofungua: "Recover Text from Any File". Hutoa maneno matupu, pamoja na vichekesho vya herufi zisizosomeka mwanzoni na mwishoni. Kwenye docx haisaidii sana.

Ujumbe unataja document.xml, mstari wa 2 na nambari ndefu ya safu. Ni nini?

Word imekuambia uzi umekatika wapi. Mstari ni wa 2 karibu kila wakati kwa kuwa Word huandika waraka wako wote kwenye mstari mmoja mrefu. Nambari inayosaidia ni ile ya safu, yaani hesabu ya herufi tangu mwanzo wa mstari. Safu ikiwa 0, haijakuambia kitu.

Tasnifu za hesabu na fizikia zilizoandikwa kwa Word 2007 au 2010 zilikuwa na ugonjwa wake maalumu: mlinganyo ukikaa karibu na kisanduku cha maandishi, lebo zilipishana, na ujumbe ukalalamika kwamba jina la lebo ya kufunga halilingani na la kufungua. Huo unatibika kwa kufungua furushi na kuzipanga lebo kwa mkono. Kama hujawahi kugusa XML, lugha ya lebo hizo, hii si wiki ya kujifunzia.

Maneno ninayo kwenye karatasi. Nataka picha na ramani zangu tu.

Rahisi. Badilisha herufi za mwisho wa jina la jaribio1 kutoka docx ziwe zip, ufungue furushi. Ingia folda ya "word", kisha "media". Picha zote ziko humo, kwa ubora uliohifadhiwa nao. Zikikataa kutoka kwa zipu ya Windows, jaribu 7-Zip, programu nyingine ya kufungua mafurushi.

Stima ilipotea kabla sijahifadhi.

Stima ikirudi, fungua Word kwanza, si faili yako. Mara nyingi itakuonyesha upande wa kushoto nakala iliyookoa. Isipokuonyesha, nenda "File", "Info", "Manage Document", kisha "Recover Unsaved Documents". Hapo ni pa nyaraka ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa hata mara moja. Unaweza pia kutafuta kompyuta nzima faili zenye herufi asd mwishoni.

Kwa kawaida Word huchukua nakala hiyo kila dakika 10. Kwa stima yetu hizo ni nyingi mno. Kwenye "Options", "Save", ziweke 2. Wala usidanganyike kwamba hiyo ni sawa na kuhifadhi: ukifunga waraka vizuri, nakala hiyo hufutwa.

Kama ulikuwa kwenye saiba, mwambie mhudumu kabla hajawasha tena mashine. Kuna saiba ambazo kompyuta zake zimewekwa zijisafishe kila zikiwashwa upya, na hapo hakuna cha kutafuta.

Kila waraka, hata mpya, unaonyesha vituko.

Shikilia Ctrl unapofungua Word hadi ikuulize kama unataka hali salama. Ikitulia humo, shida ni programu ya nyongeza. Zizime moja moja hadi uipate. Ikiwa si hizo, tuhuma inahamia kwenye kiolezo cha Normal.dotm, ambacho kila waraka mpya huzaliwa kutokana nacho. Funga Word, andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye sehemu ya anwani ya folda, ubadilishe jina la Normal.dotm liwe lolote. Word itajitengenezea jipya. Makro na mitindo uliyokuwa umeiweka humo itabaki kwenye lile la zamani.

Nyumbani zilikuwa kurasa 148, hapa kwenu ni 153. Mmeiharibu?

Hapana, ndugu yangu, na tunaulizwa hivi karibu kila siku. Word hupanga mistari kwa kutazama fonti zilizomo kwenye kompyuta na printa iliyounganishwa. Kompyuta yetu si yako, na printa yetu si yako. Fonti uliyotumia isipokuwepo, Word huweka nyingine inayoifanania, mistari inasogea, na orodha ya yaliyomo inaanza kusema uongo.

Kabla ya kutoka nyumbani, hifadhi PDF. Leta hiyo ndiyo ichapishwe. Docx uje nayo kwa ajili ya marekebisho tu.

Niandike kila sura kwenye faili yake, au zote pamoja?

Hapa watu wa kompyuta hawakubaliani, nami nina upande wangu. Faili moja, ila uandike vichwa vyote kwa mitindo ya "Heading", na kila asubuhi uihifadhi kwa jina jipya lenye tarehe. Kazi ikiharibika Ijumaa, Alhamisi ipo. Faili moja moja kwa kila sura nazo ni salama, ila siku ya kuziunganisha utapigana na nambari za kurasa na za majedwali hadi alfajiri.

Kitu ambacho sikushauri hata kidogo ni kile Word inakiita "Master Document", waraka mkuu unaovuta sura kutoka kwenye faili nyingine. Kimeandikwa kwa ahadi nzuri na kina sifa mbaya ya miaka mingi. Ukikihamisha kutoka laptopu hadi flashi, viungo hukatika, na kikiharibika huondoka na sura zake.

Washa pia "Always create backup copy", iko "Options", "Advanced", karibu na mwisho. Kila ukihifadhi, Word itaacha toleo lililotangulia kando, lenye herufi wbk. Nakala hizo zisikae zote kwenye flashi moja. Jitumie moja kwa barua pepe kila Jumapili. Ni bure, na haichomolewi na mtoto.

Nikiwaletea, mtasoma kazi yangu? Na ni pesa ngapi?

Tutaiona, kwa sababu hatuwezi kujua kama kurasa zimerudi zote bila kuzipitia, na wewe utakuwa umekaa kando yetu. Tukimaliza tunafuta nakala zetu zote mbele yako, pamoja na zilizo kwenye pipa. Isipopona hulipi ila uchapishaji. Ikipona, bei tunaelewana kabla sijaanza, kwa kuwa nikishaanza nitakuwa nimeipenda kazi yako na nitashindwa kukutoza.

Njoo na nakala ya karatasi kama unayo, hata ya zamani, hata yenye michoro ya mtoto nyuma. Na uje kabla ya saa nane mchana. Wingu likishafunga upande wa Nandi, huwa tunazima mashine.